Puti si Chuma

Mwezi Aprili mwaka jana, katikati ya masika, niliingiza jeki chini ya gari aliloniachia marehemu baba ili nibadilishe tairi lililopata pancha. Nilikuwa uani kwangu, hapa Buswelu. Nilipiga jeki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na gari halikuinuka. Kilichokuwa kikipanda ni jeki peke yake. Ilikuwa imetoboa kizingiti cha mlango wa dereva na kuingia ndani polepole, bila kelele, kama kijiti kinavyoingia kwenye papai lililoiva. Kutoka katika tundu lile palimwagika vumbi jekundu, vipande vya puti iliyokauka, na maji.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, steshenwagoni, ambalo watu wa rika langu huliita Pijo na kuishia hapo. Miezi sita kabla ya siku hiyo nilikuwa nimelitoa gereji, limepigwa rangi nyeupe, linang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele ya mlango wake. Majirani walitoka kulitazama. Mama watoto alikaa kiti cha nyuma, akapunga mkono kama bibi harusi. Nami, kwa furaha, nikatunga shairi la beti saba kulisifu, nikawasomea wenzangu, wakapiga makofi. Leo nakiri kwamba gari lile na shairi lile vilikuwa na ugonjwa mmoja.

Hoja ninayotaka kuitetea ni fupi. Anayekipenda kitu cha kale ana wajibu wa kukikata pale kilipooza. Asiyethubutu kukata hukarabati sura tu, na sura hiyo huipa kutu mahali pa kujificha. Hili ni kweli kwa bodi ya gari, nami nimejifunza kwa mikono yangu na kwa fedha zangu. Naamini ni kweli pia kwa tungo zetu za arudhi, ambazo wengi wetu tunazipaka puti mwaka hadi mwaka huku tukijiita walinzi wa urithi.

Nianze na gari, kwa kuwa mfano usioeleweka hauthibitishi chochote.

Baba alikuwa mchuuzi wa kayabo. Kwa msomaji aliye mbali na Ziwa Viktoria, kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi nyingi, akaanikwa juani. Ni bidhaa inayosafiri hadi Kongo. Baba aliichukua Mwaloni, Kirumba, akaipakia nyuma ya Pijo na kuisambaza. Ziwa letu ni la maji baridi, wala upepo wake hauna chumvi, hivyo magari ya Mwanza yalistahili kuzeeka taratibu kuliko yale ya Tanga au Mombasa. Lakini baba aliibeba bahari ndani ya gari. Maji ya chumvi yalivuja kutoka katika viroba, yakapita kwenye mishono ya sakafu, yakatuama ndani ya vizingiti vya milango, ambavyo kwa hakika ni maboksi marefu ya bati yenye uwazi katikati. Chini ya kila boksi la namna hiyo, waundaji huacha vitundu vidogo vya kutolea maji. Vitundu vya gari letu vilikuwa vimezibwa na matope ya miaka mingi.

Kutu haina siri kubwa. Chuma kikikutana na maji na hewa, huanza kurudi kuwa kitu kinachofanana na udongo kilikotoka. Chumvi haianzishi safari hiyo, bali huiharakisha. Jambo ambalo watu hawalizingatii ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Huvimba. Ikivimba chini ya rangi, huinua rangi hiyo ikawa malengelenge. Ikivimba ndani ya mshono, huachanisha bati mbili zilizokuwa zimeshikana. Ndiyo maana lengelenge dogo juu ya madigadi huwa ni mwisho wa habari, si mwanzo wake. Unapoliona nje, ndani kumekwisha kuliwa.

Kuna magari ambayo hayo yangekuwa suala la urembo. Land Rover za zamani, tangu zilipoanza kuundwa mwaka 1948, zilikuwa na fremu ya chuma chini na bodi ya aluminiamu juu yake. Ukivua bodi yote, fremu bado inatembea na magurudumu yake. Peugeot 504 haikujengwa hivyo. Sakafu, vizingiti, nguzo za milango na paa vimeunganishwa vikawa kitu kimoja, na kitu hicho kimoja ndicho kinachobeba injini, abiria na mashimo ya barabara. Saloni ya aina hiyo hiyo ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 kwa mwili usio na fremu nyingine. Kwa hiyo kizingiti kikioza katika gari hili, kilichovunjika ni mfupa. Miezi sita nilikuwa nawapakia wajukuu ndani ya gari lenye mifupa iliyovunjika na ngozi inayong'aa.

Sitaitaja gereji iliyonifanyia kazi ile, wala sina nia ya kuishtaki. Nataka tu mjue nilichokikuta nilipokwangua. Juu ya tundu la kizingiti palikuwa na kipande cha bati la kuezekea, geji 30, kilichoshikizwa kwa riveti nne. Juu ya bati hilo palikandikwa puti, unene wa kidole cha shahada. Juu ya puti, msasa mzuri sana, kisha praima, kisha rangi, kisha ung'avu. Kazi ya mikono ilikuwa ya kusifika. Yule aliyeisawazisha puti ile alikuwa msanii wa kweli. Mstari wa mlango ulinyooka kuliko ulivyotoka kiwandani. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hapakuwa na gari chini ya sanaa hiyo.

Nikamwita kijana mmoja jirani, fundi bodi anayefanya kazi zake Nyakato na kurudi Buswelu jioni. Alinipa shikamoo, akachuchumaa, akatoa bisibisi mfukoni. Hakuangalia rangi hata kidogo. Alianza kuchoma kwa ncha ya bisibisi, shibri kwa shibri, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, akisikiliza. Penye chuma kizima, bisibisi iliita. Penye puti, ilibubujika sauti nzito kama ya gogo. Penye kutu, ilizama.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa hulipi rangi. Hapa unalipa kukata."

Nikamuuliza akate kiasi gani. Akasema, "Mpaka tufike kwenye chuma kinachong'aa. Tukishakifika, tunaongeza vidole viwili."

Vidole viwili vile vilinikera. Nilidhani anataka kuniongezea gharama. Baadaye nikaelewa: chuma kilichopakana na uozo huonekana kizima, lakini kimekwisha kukonda, na ukikiunganisha na bati jipya moto utakitoboa. Kiraka hakishikani na ukingo mgonjwa. Ni lazima ukate sehemu ya kilicho kizima ili kipya kipate pa kushika.

Kazi ilituchukua Jumamosi sita, pale pale uani, chini ya mwembe. Tulianza kwa kutoa betri na tangi la petroli, kwa kuwa cheche hazina adabu. Tuliliegemeza gari juu ya magogo ya mbao, wala si juu ya mawe, ingawa Mwanza Mungu ametupa mawe kuliko tunavyohitaji; jiwe hupasuka bila kuaga. Tulikata kwa mashine ya kukatia, miwani machoni, ndoo ya mchanga pembeni. Tulipiga brashi ya waya hadi mikono ikafa ganzi. Bati la kiraka tulinunua la geji 20, ambalo unene wake unakaribia milimita moja, sawa na bati la gari lenyewe. Hapo nilijifunza kwamba namba ya geji inapopanda, bati linazidi kuwa jembamba, na kwamba lile la geji 30 la kuezekea lisingeweza kubeba hata uzito wa mlango, sembuse wa familia. Tena bati la kuezekea lina zinki juu yake, na zinki ikiunguzwa hutoa moshi unaomtia fundi homa.

Kukunja kiraka kifuate umbo la kizingiti kulichukua muda kuliko kukichomelea. Fundi alikuwa na nyundo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ameshika kipande cha chuma kizito, akikiweka nyuma ya bati kipokee pigo. Kisha akachomelea, lakini hakuchomelea moja kwa moja. Aliweka nukta moja mwanzo, nukta nyingine mwisho, nyingine katikati, akasubiri bati lipoe, akarudi. Nilimwuliza kwa nini anarukaruka kama panzi. Akajibu kwamba ukilichoma bati jembamba kwa mstari mmoja linajikunja kwa joto, na likishajikunja halirudi. Haraka ya siku moja huharibu subira ya siku tano.

Siku ile ndipo nilipofanya kosa la kiualimu. Nilimsahihisha. Nikamwambia kwamba neno zuri zaidi ni "kulehemu", neno la siku nyingi katika vitabu vyetu, lililotufikia kutoka Kiarabu. Alinisikiliza kwa heshima, kama kijana anavyomsikiliza mzee, kisha akasema, "Mwalimu, kulehemu ni kwa koroboi na sufuria. Pale unayeyusha risasi tu, bati lenyewe haliyeyuki. Hapa vinayeyuka vyote viwili, kiraka na gari, vinakuwa kitu kimoja. Hii ni kuchomelea."

Nilinyamaza. Katika miaka zaidi ya 30 ya kufundisha Kiswahili, maneno hayo mawili niliyachukulia kuwa visawe, na mtihani ningeusahihisha hivyo. Mtu aliyeacha shule darasa la saba alikuwa na mpaka wa maana ambao mimi sikuwa nao, na mpaka huo haukuwa wa urembo. Gari lililolehemiwa lingefunguka barabarani. Gari lililochomelewa lingefika. Fundi aliyajua maneno yake kwa uzito wa kitu kinachotegemea maneno hayo.

Nami nilikuwa na la kumpa. Kile chuma cha mkono wa kushoto hakuwa na jina lake. Alikiita tu "chuma cha kupokelea". Nikamwambia kwamba wahunzi wa zamani walikuwa na neno fuawe, la chuma kinachofuliwa juu yake chuma kingine, na kwamba hicho chake ni fuawe ya mkononi. Akalirudia mara mbili, akalipenda. Wala si ajabu. Huku kwetu chuma si mgeni. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wahaya, watu waliyeyusha chuma miaka ipatayo 2000 iliyopita katika matanuri ya udongo, na upande wa Buzinza wahunzi waitwao Warongo walijulikana kwa chuma chao kabla ya jembe la dukani. Neno la kale lilirejea kazini kwa sababu lilikuta kazi inalisubiri.

Sasa niwageukie washairi wenzangu.

Niliporudi ndani jioni moja, mikono ikinuka moshi, nililitoa lile shairi langu la beti saba. Nikalichoma bisibisi. Ubeti wa kwanza ulianza hivi:

Gari langu la zamani, kwa hakika nalipenda.

Mizani inatimia, nane kwa nane. Vina vinaitika hadi mwisho wa ubeti. Kwa sikio, mstari umenyooka. Lakini "kwa hakika" inafanya nini pale? Haifanyi kazi yoyote. Ni mizani minne iliyokandikwa ili pengo lisionekane, na pengo lenyewe ni kwamba sikuwa na la kusema kuhusu gari lile zaidi ya kulipenda. Nikaendelea kuchoma. Ubeti wa pili ulikuwa na "ninawambia wenzangu". Wa tatu ulikuwa na "jama nisikilizeni". Wa nne ulikuwa na neno la kikale nililolitoa kamusini asubuhi ile ile, ambalo sijawahi kulitumia na mtu yeyote aliye hai, nikaliweka pale kwa sababu linaishia na kina nilichokuwa nakitafuta. Wa tano niliurefusha kwa mazda, neno la silabi mbili likawa la tatu. Nilipomaliza, bisibisi ilikuwa imezama mara kumi na moja katika beti saba.

Nikakata. Ule mstari wa kwanza sasa unasema:

Gari langu la zamani, baba alinirithisha.

Si mstari wa ajabu, wala sidai hivyo. Mizani ni ile ile nane kwa nane. Lakini kipande cha pili kinabeba uzito: kuna baba, kuna kifo chake, kuna mali iliyopita mkono kwenda mkono. Ukikitoa, ubeti unaporomoka. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwenu. Kipande cha ubeti kinachoweza kuondolewa bila ubeti kuinama ni puti. Kipande ambacho ukikiondoa ubeti unalia ni chuma.

Nitaje pingamizi tatu ambazo najua zinakuja.

La kwanza litasemwa na wahafidhina: kwamba inkisari, mazda, tabdila na kikale ni haki za mshairi tangu enzi, na asiyezijua hajui ushairi. Nakubali. Hata puti ina mahali pake. Fundi wangu aliitumia mwishoni, baada ya kuchomelea na kusaga mshono: tabaka jembamba la milimita moja au mbili, juu ya chuma kizima, kusawazisha alama za nyundo. Puti ya namna hiyo hukaa miaka. Kosa linaanza pale puti inapogeuzwa kuwa kitu cha kubeba. Mazda moja katika shairi lenye hoja nzito ni puti ya kusawazisha. Mazda sita katika shairi lisilo na hoja ni kizingiti cha gari langu.

La pili litasemwa na wanamapinduzi: kwamba kama gari limeoza hivyo, liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kama arudhi imejaa puti, tuitupe tuandike mashairi huru. Ni hoja ya kuheshimiwa, na kuna magari ambayo kweli hayakaratiki. Lakini kabla ya kuuza, pima. Katika gari langu, kutu ilikuwa imekula vizingiti viwili, robo ya sakafu ya nyuma na pindo la madigadi moja. Nguzo, paa, boneti, injini na ekseli vilikuwa vizima. Ningeliuza kwa kilo, ningelipwa bei ya kutu kwa kitu ambacho sehemu yake kubwa ni chuma. Ufaransa iliacha kuunda saloni ya 504 mwaka 1983, na Kenya ikaendelea kuiunganisha miaka mingi baada ya hapo, kwa kuwa barabara zetu zilikuwa bado zinaihitaji. Umbo halifi kwa sababu waliolibuni wameliacha. Hufa pale wanaolitumia wanapoacha kulitunza. Tena anayehama kutoka arudhi kwenda shairi huru bila kujua alichokuwa akikipaka puti atakipaka tena huko, maana shairi huru lina puti yake: mistari iliyovunjwa bila sababu, na nukta nyingi zinazosimama mahali pa wazo.

La tatu ni zito kuliko yote, na ndilo lililonizuia mimi mwenyewe kwa wiki mbili. Ni huruma. Kile kizingiti kilichooza kilikuwa cha baba. Mguu wake ulikikanyaga kila alfajiri akienda Mwaloni. Fundi alipowasha mashine ya kukatia, nilimwambia asubiri, nikaenda kukaa kwenye kigoda na kutazama pembeni. Nilihisi kana kwamba namkata mzee. Naamini huruma hiyo hiyo ndiyo inayowafanya wengi wetu washindwe kufuta ubeti waliousoma mbele ya watu, au kukiri kwamba neno walilorithi kwa babu wa ushairi limekwisha maana vinywani mwao. Lakini kutu si baba. Kutu ni kile kilichomla baba pale alipokuwa. Kumwachia mahali hapo kwa jina la heshima ni kumsaidia adui yake. Waswahili walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kifo cha gari hili, kama si ile pancha, kingetokea kwenye mteremko na watoto wakiwa ndani.

Mtaniuliza basi, baada ya kukata na kuunga, nini huzuia kutu isirudi? Jibu nililipata katika habari ya chombo kikubwa kuliko Pijo. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakiwa na tumaini la kuirudia. Hawakuirudia wao. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikawabeba watu wa Kigoma na mwambao ule kwa vizazi. Miaka ya kulala chini ya maji haikuiua, kwa kuwa kabla ya maji kuingia mitambo ilikuwa imekwisha kuvikwa mafuta.

Tukafanya hivyo hivyo. Tulizibua vitundu vyote vya kutolea maji. Tulipaka praima pande zote mbili za kila kiraka, kisha tukamimina mafuta mazito ndani ya vizingiti, mahali ambapo hakuna jicho litakalowahi kufika, mpaka yakadondoka chini. Fundi alisema rangi ya nje ni ya majirani, mafuta ya ndani ni ya gari. Gereji ya kwanza ilikuwa imewahudumia majirani.

Nami nawaomba, washairi wenzangu, tuwe na mafuta ya ndani. Kwangu mafuta hayo ni kujua kitu kabla ya kukitungia: kukaa na fundi mpaka ujue tofauti ya kulehemu na kuchomelea, kukaa na mvuvi mpaka ujue majina ya nyavu zake, kukaa na mama anayeanika dagaa mpaka ujue anaipimaje hali ya jua. Mshairi aliyejaa mambo hatafuti maneno ya kujazia mizani. Tatizo lake linakuwa la kupunguza. Na neno la kikale, likihitajika, atalipa kazi kama fuawe ilivyopata kazi uani kwangu. Hatalivika shairi kama pambo la kioo cha mbele. Neno la gereji nalo, puti, geji, praima, madigadi, lina haki ya kuingia katika ubeti kama lina uzito wa kubeba. Kiraka cha geji ile ile, kikichomelewa kwa subira, kinakuwa sehemu ya gari, wala miaka ijayo hakuna atakayekiita kigeni.

Pijo sasa linatembea. Halingai kama lilivyong'aa mwaka ule. Madigadi ya nyuma bado iko na praima ya kijivu kwa sababu fedha ya rangi iliishia kwenye bati, na ukipitisha kidole chini ya mlango utausikia mshono. Majirani hawatoki tena kulitazama. Juzi nililipeleka hadi Nyamhongolo na kurudi, wajukuu wanne nyuma, mvua ikinyesha, na tulipofika nyumbani niliinama nikatazama chini ya milango. Maji yalikuwa yakidondoka kwa utaratibu kupitia vitundu vyake, tone baada ya tone, kama yalivyokusudiwa.

Lile shairi nalo limebaki na beti tatu. Nne zilikuwa puti.